Sura ya Tano: Nukta Nyuma ya Sikio

Mdogo wangu ndiye aliyeziona kwanza. Tulikuwa uani, nyumbani kwetu Ngamiani mjini Tanga, ananisuka twende kilioni za kulalia, mara akaacha kusuka na kunigeuza kichwa kuelekea kwenye mwanga. "Dada, hizi si mbili tatu tena," akasema. "Huku mbele zimejaa." Nilikuwa na miaka 41. Yeye alikuwa na 38 na mvi zake zilikuwa nyingi kuliko zangu, ila kilemba kilikuwa kimemsitiri. Harusi ya binti wa kaka yetu ilikuwa imebaki siku tisa. Kesho yake jioni tulirudi kutoka dukani na maboksi mawili ya piko, rangi nyeusi ya nywele, moja langu, moja lake.

Hakuna kati yetu aliyewahi kupaka rangi nywele kwa mkono wake. Saluni tulikuwa tunakwenda kusuka na kuweka dawa, lakini rangi hatukuwahi. Tulichokijua ni kile ambacho kila mtu anadhani anakijua: unachanganya, unapaka kwa mswaki mkuukuu, unakaa nusu saa, unaosha. Mdogo wangu alitaka tufanye usiku uleule.

Ndani ya boksi mlikuwa na tyubu ya krimu, chupa ya maji mazito meupe, glovu nyembamba za plastiki, na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, herufi zake ndogo kama za karatasi ya dawa. Mdogo wangu aliitoa yake akaiweka chini ya beseni. Mimi nina mazoea ya kusoma kila kilichoandikwa, hata mfuko wa sukari. Nikaisogeza kwenye taa. Kabla ya neno lolote kuhusu kuchanganya au kupaka, karatasi ilisema hivi: saa 48 kabla ya kutumia, weka tone dogo la rangi nyuma ya sikio, uliache, usubiri. Pakiwasha, pakivimba au pakiwa pekundu, usipake.

"Siku mbili nzima kusubiri tone?" mdogo wangu akauliza. Ni swali la haki, na jibu lake ni refu. Msomaji akifunga kitabu hiki akiwa amekumbuka jambo moja tu la sura hii, naomba liwe hilo tone.

Mwaka 1933 huko Marekani ilikuwa ikiuzwa rangi ya kutia weusi kope na nyusi iitwayo Lash Lure. Wanawake walipakwa saluni, wakarudi nyumbani wamependeza, na wengine kati yao wakaanza kuvimba macho mpaka yakafungwa yasifunguke. Wapo waliopofuka moja kwa moja. Mmoja alikufa. Serikali haikuwa na la kufanya, kwa sababu sheria ya wakati huo, ya mwaka 1906, ilihusu vyakula na dawa, na vipodozi havikutajwa. Watu wa idara ya usimamizi wa chakula na dawa wakatengeneza maonyesho ya bidhaa zilizoumiza watu, na kati ya picha walizobandika ilikuwepo ya mwanamke mmoja kabla na baada ya Lash Lure. Sheria mpya ilipotiwa saini mwaka 1938, rangi ile ilikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kabisa kuondolewa sokoni.

Rangi za nywele, ambazo zilikuwa na kemikali ileile, hazikupigwa marufuku. Ziliruhusiwa kwa sharti: kila boksi liandikwe onyo kwamba rangi inaweza kudhuru ngozi ya baadhi ya watu, kwamba jaribio lifanywe kwanza, na kwamba isipakwe kamwe kwenye kope wala nyusi maana inaweza kupofusha. Basi yale maneno madogo ambayo mdogo wangu aliyaweka chini ya beseni yalinunuliwa kwa macho ya watu. Nilipomsimulia, aliichukua karatasi yake akaikunjua.

Ilikuwa Alhamisi, saa moja jioni. Nikamtia nukta nyuma ya sikio la kulia kwa njiti ya kiberiti niliyoizungushia pamba, naye akanitia mimi. Tukakubaliana tusioge sehemu ile mpaka Jumamosi saa moja jioni.

*

Kemikali yenyewe inaitwa parafenilinidayamini. Wataalamu kwa kufupisha huiita PPD, na ndivyo utakavyoikuta kwenye maboksi mengine, ingawa mengi huandika jina lake lote. Asili yake inatukaribia sisi watu wa nchi za mbu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Perkin, alikuwa likizo ya Pasaka nyumbani kwao London, akijaribu kutengeneza kwinini. Dawa hiyo ya malaria ilipatikana kwenye magome ya mti tu, na ilikuwa ghali. Mwalimu wake, Mjerumani aitwaye August Wilhelm von Hofmann, alikuwa na wazo kwamba huenda ikapatikana kutokana na lami ya makaa ya mawe, ule uchafu mweusi unaobaki makaa yakichomwa kutolewa gesi. Kwinini haikupatikana. Kilichobaki kwenye chupa kilikuwa uchafu ambao, ulipooshwa kwa spiriti, ulitoa rangi ya zambarau iliyoshika kwenye hariri na isitoke. Hapo ndipo dunia ilipoanza kutoa rangi kwenye lami badala ya majani, mizizi na makombe. Hofmann mwenyewe, katika kuchambua viungo vya jamii hiyo, aliieleza PPD mwaka 1863. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, mwaka 1907, mkemia Mfaransa Eugène Schueller akaunda rangi ya nywele iliyotokana na vitu hivyo, akawa anaichanganya nyumbani kwake na kuwapelekea wasusi wa Paris. Mwaka 1909 akafungua kampuni, na jina lake la kwanza lilikuwa na maana ya Kampuni ya Kifaransa ya Rangi za Nywele Zisizodhuru. Leo ulimwengu unaijua kwa jina la L'Oréal.

PPD ikiwa peke yake haina rangi ya maana. Ni punje ndogo sana, na udogo huo ndio unaoifanya iweze kupenya ndani ya unywele. Udogo huohuo unaiwezesha kupenya ngozi.

*

Ijumaa usiku niliamka nikijikuna. Nilidhani mbu. Nilipopapasa nyuma ya sikio nikakuta pameinuka, pana joto, na asubuhi mdogo wangu aliniambia pamekuwa pekundu kwa upana wa sarafu, na vipele vya maji vimetoka katikati. Lake halikuwa na kitu. Ngozi yake ilikuwa kama alivyozaliwa nayo.

Nikakaa kitandani, nikakumbuka mikono yangu.

Nilipoolewa, nikiwa na miaka 24, nilichorwa hina na piko. Kila mtu wa pwani anazijua hizo mbili: hina nyekundu inajaza, piko nyeusi inazungushia, na maua yanaonekana kama yamekatwa kwa kisu. Mpambaji aliichanganya piko yake kwenye kisahani, unga mweusi wa pakiti na maji kidogo. Nilipendeza, sitasema uongo. Siku ya nane au ya tisa baada ya harusi maua yote ya piko yakainuka. Ukiyapapasa ungeyasikia kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mshono wa kofia ya viua. Yakawasha mpaka nikawa nalala mikono imo ndani ya maji. Wapo waliosema ni jicho la watu. Wengine wakasema ni joto. Yalipokauka yaliacha alama nyeupe zilizokaa miezi kadhaa, harusi ikiwa imeandikwa upya mikononi mwangu kwa rangi isiyotakiwa. Kisha zikapotea, nami nikasahau. Miaka 17 nilisahau. Ngozi yangu haikusahau.

Kinachotokea ni hiki. PPD ikipita kwenye ngozi hushikamana na protini za mwili, na kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kumtambua mgeni, humwona mgeni. Mara ya kwanza huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kujifunza sura yake. Ndiyo maana mikono yangu ilichelewa. Ikishajifunza, imejifunza kwa maisha yote, na siku mgeni akirudi haisubiri wiki. Inachukua siku moja hadi tatu. Kwa hiyo saa 48 za kwenye karatasi hazikuandikwa kwa kubahatisha. Ukisubiri dakika kumi ukasema mbona hakuna kitu, hujajaribu chochote.

Na piko ya mikononi ni hatari kuliko ya kichwani, kwa sababu hupakwa kwenye ngozi yenyewe, huachwa saa nyingi, na hakuna aliyeipima. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha PPD kwenye rangi ya nywele ikiwa tayari kichwani, asilimia 2, na haziruhusu kabisa ipakwe kwenye ngozi. Maboksi yao hulazimika kuonya kwamba mtu aliyewahi kudhurika na ile wanayoiita hina nyeusi asipake rangi ya nywele. Onyo hilo lilikuwepo hata kwenye karatasi yangu. Nililisoma nikalipita, kwa sababu liliita kitu hicho hina nyeusi, na mimi kichwani mwangu nilichochorwa kilikuwa piko. Neno moja tu lilinipotosha.

Leo mtu mwenye mikono kama yangu nisingemwambia hata ajitie nukta nyumbani. Ningemwambia aende kwa daktari wa ngozi, ambaye ana vipimo vya kubandika mgongoni na anajua kiasi. Madaktari hao si wengi nchini, lakini wapo, na Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachohudumia nchi nyingi za Afrika.

Nilijiuliza ingekuwaje kama tungepaka usiku ule wa kwanza, kama alivyotaka mdogo wangu. Nukta moja ilinipa uvimbe wa sarafu. Kichwa kizima kwa mtu kama mimi huvimba mpaka paji la uso likashuka juu ya macho, masikio yakatoa maji, na akizidiwa akashindwa kupumua. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke wala kupaka mafuta ya nazi. Ni kumwaga maji mengi kichwani na kwenda hospitali mbio.

Lipo jingine la kusema kabla sijarudi kwenye mabeseni. Nchini Sudan, ambako wanawake huongeza PPD kwenye hina ili iwe nyeusi upesi, madaktari wa Khartoum wamekuwa wakiandika kwa miaka mingi habari za waliokunywa rangi hiyo, kwa bahati mbaya au kwa kukusudia, watoto wakiwemo. Koo na shingo huvimba ndani ya saa chache, misuli huharibika, mkojo huwa mweusi, figo husimama. Haina dawa ya kuizimua. Pakiti ya piko ndani ya nyumba ikae inakokaa sumu ya panya: juu, mbali, pamefungwa.

*

Jumamosi usiku ikawa zamu ya mdogo wangu, na mimi nikawa mpakaji. Kinyozi hajinyoi. Methali hiyo inamfaa sana mtu anayepaka rangi kwa mara ya kwanza, kwa sababu kisogo chako hukioni, na mvi za kisogoni ndizo watu waliokaa nyuma yako kwenye shughuli wanazoziona. Mtafute mtu. Mume, dada, jirani, yeyote mwenye mkono mtulivu. Mtu huyo avae glovu, tena avae kweli. Wasusi wengi duniani wameacha kazi kwa ajili ya ngozi za vidole vyao.

Nywele zake hakuwa ameziosha tangu Alhamisi, na hilo tulilifanya makusudi: mafuta ya asili yaliyokaa kichwani huikinga ngozi. Dawa ya kulainisha alikuwa ameiweka miezi miwili nyuma. Ingekuwa wiki iliyopita nisingekubali, kwa sababu dawa huichubua ngozi hata pasipoonekana kidonda, na zipite walau wiki mbili kati ya dawa na rangi. Nikampaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso, masikioni na shingoni, nikamfunga kanga kuukuu mabegani, nikafungua dirisha la bafu. Bakuli lilikuwa la plastiki. La chuma halifai, kwa sababu madini huichokoza ile dawa ya chupani ikachemka na kupoteza nguvu.

Nikaminya krimu. Ilitoka nyeupe, kama dawa ya meno. Mdogo wangu alishtuka: "Hii ndiyo nyeusi?" Nikamimina ya chupani kwa kipimo sawa, nikakoroga kwa mpini wa kitana, na ndani ya dakika chache kingo za bakuli zikaanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha kahawa, kisha katikati pakaanza kuiva. Nimepaka watu wengi tangu siku hiyo na bado napenda kukitazama kitu hicho.

Unywele umefunikwa kwa magamba yaliyolaliana kama makuti ya paa. Amonia iliyomo kwenye krimu, ile inayokuchoma puani, huyainua makuti hayo. Punje za rangi, zikiwa bado ndogo na hazina rangi, hupita chini yake na kuingia ndani. Ya chupani ni haidrojeni peroksaidi, mara nyingi asilimia 6, na kazi yake ni kutoa oksijeni. Oksijeni hiyo inazigonganisha punje zikaungana mbili mbili, tatu tatu, zikawa kubwa na zikawa nyeusi. Sasa hazipiti tena pale zilipoingilia. Zimenasa ndani kama samaki kwenye dema. Ndiyo maana piko haioshwi na sabuni, na ndiyo maana ukichanganya mapema ukaliacha bakuli likingoja, punje zinaungana humohumo bakulini na kichwani hazikufai tena. Changanya ukiwa umeshagawa nywele.

Nilizigawa mafungu manne, nikaanza mbele na kwenye mapanja, maana mvi za huko ni ngumu na zinahitaji muda mrefu zaidi. Mswaki unafaa kuliko brashi kwa nywele zetu za kipilipili, kwa sababu unaingia mpaka kwenye shina. Usisugue ngozi. Unapaka unywele, hupaki kichwa. Nilipomaliza fungu la mwisho nikatazama saa, nikaandika muda kwenye kipande cha karatasi. Dakika 30, si 45 kwa kudhani kwamba ikikaa sana itashika sana. Katikati nilimuuliza mara mbili kama panachoma. Kuwasha kidogo kwa ubaridi wa krimu ni kawaida. Kuchoma kama pilipili ni amri ya kuosha hapohapo, hata kama ni dakika ya tano.

Tuliosha mpaka maji yakawa meupe, na ilichukua ndoo tatu. Iliyobaki bakulini niliimwaga. Usiirudishe chupani ukaifunga, inaendelea kutoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Zilipokauka zilikuwa nyeusi tii. Nyeusi mno, kusema kweli, na hapa ndipo ningependa kubadilisha chaguo letu. Sisi tulinunua nyeusi kwa sababu tuliamini nywele za Mwafrika ni nyeusi. Ziangalie juani: nyingi ni kahawia iliyokolea sana. Rangi nyeusi kabisa, juu ya uso wa mtu aliyevuka miaka 35, huukaza, na kuitoa ni kazi. Kwa mara ya kwanza chukua kahawia iliyokolea. Mvi zitazibika, na kama hujaridhika utaongeza weusi baadaye. Kupunguza ndiko kugumu. Na yule anayetaka nywele za dhahabu au nyekundu ya moto, hiyo inataka kwanza kuondoa weusi wa asili kwa bilichi, kazi inayovunja nywele za kipilipili upesi. Hiyo si kazi ya mara ya kwanza wala ya bafuni. Ampelekee fundi.

Anayepaka kwa mara ya kwanza ajiandae pia kwa mstari. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na unywele haubadiliki ukawa mvi ukiwa kichwani: huzaliwa hivyo, kwa sababu seli zilizokuwa zikiutia unywele rangi pale kwenye shina zimekwisha. Wiki tatu, nne, utaona mstari mweupe kwenye mapito ya kitana. Hapo hupaki kichwa kizima, unapaka ule mstari tu. Nywele zilizokwisha kula rangi hazihitaji kulishwa tena, zitakatika.

*

Mimi nilikwenda kwa shangazi. Amevuka miaka 70, na sijawahi kumwona na mvi nyeupe. Nywele zake ni nyekundu iliyotulia, rangi ya udongo wa Lushoto.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Sikio lina nini?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mhina uko hapo nje miaka yote, nyie mnapita mnakwenda dukani." Kwake hina haihusu urembo peke yake. Alinikumbusha kisa kinachosimuliwa katika hadithi, siku Makka ilipofunguliwa, baba yake Abubakar, Abu Quhafa, alipoletwa kwa Mtume kichwa na ndevu zimekuwa nyeupe kama mmea wa thaghama, na Mtume akaagiza zibadilishwe rangi, ila nyeusi iepukwe. Wanazuoni wametofautiana kuhusu uzito wa katazo hilo la weusi, na wengine wamelegeza. Lakini ukiwaona wazee wa pwani, ndevu zao zimewekwa hina, ujue wanafuata njia ya zamani sana.

Majani alikuwa ameyakausha kivulini, akayatwanga kwenye kinu na kuyachekecha kwa kitambaa chepesi. Unga uliotoka ulikuwa wa kijani, na ukiunusa unasikia harufu ya majani makavu baada ya mvua. Akauloweka kwa chai ya rangi iliyopoa na maji ya ndimu, akauacha mpaka asubuhi. Uchachu wa ndimu huisaidia rangi itoke kwenye jani taratibu. Rangi hiyo, ambayo wataalamu huiita losoni, hufanya kazi kinyume na piko. Haihitaji kuinua magamba wala kuungana ndani, inajishika kwenye protini ya unywele kama ilivyo, na haiondoi weusi ulioukuta. Kwa hiyo nywele zangu nyeusi zilibaki nyeusi zenye wekundu wa mbali juani, na mvi peke yake ndizo zilizobadilika.

Alinipaka kwa mkono, akanifunga mfuko wa plastiki na kilemba juu yake, tukakaa saa tatu tukichambua mchele wa harusi. Nilipoosha nilishtuka, mvi zilikuwa rangi ya machungwa, zinawaka. "Acha," akasema shangazi. "Hina haisemi siku ya kwanza." Kweli, ndani ya siku mbili ilikolea yenyewe kwa hewa, ikawa kahawia nyekundu.

Nina tahadhari mbili tu kuhusu hina, na ya kwanza ni ya watoto wachanga. Katika nchi za malaria wapo watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, na hina ikipakwa kwenye ngozi ya mtoto wa namna hiyo inaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu. Mtoto mchanga asipakwe hina, hata kwa arobaini. Ya pili ni hii: mhina hutoa rangi moja. Pakiti iliyoandikwa hina ambayo inatoa nyeusi kwa nusu saa ina kitu kingine ndani, na kitu hicho mara nyingi ni kilekile kilichonitoa malengelenge nyuma ya sikio.

*

Siku tatu kabla ya harusi nilimwendea binti wa kaka yangu chumbani kwake. Miaka 23, simu imejaa picha za mikono ya maharusi, maua yamezungushiwa weusi. Sikumhubiria. Nilimgeuzia sikio akaona kigaga, nikamsimulia habari ya mikono yangu, ambayo hata mama yake hakuwa ameijua. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Shangazi, bila piko yataonekana?"

Nikamwambia yataonekana, ila apakwe mapema, usiku huohuo, aache hina ikae mpaka alfajiri, na asinawe kwa sabuni. Somo wake alikuwa na maneno, maana piko ilikuwa imeshanunuliwa, lakini mpambaji alikubali bila ubishi. Alisema naye vidole vyake vinamwasha siku hizi, hakujua ni nini.

Asubuhi ya harusi bibi harusi alinyoosha mikono juu ya mapaja yangu nimvishe bangili. Maua yalikuwa yameiva, kahawia nyekundu kutoka kwenye kucha mpaka kwenye viwiko, na ngozi chini yake laini, hakuna hata mstari mmoja ulioinuka. Akanyoosha kidole akagusa nywele zangu za mbele, pale palipokuwa na mvi, akakilinganisha. Ilikuwa rangi moja.